Babu alikuwa mhunzi: nianzie wapi kabla kibanda chake hakijabomolewa?

*Swali: "Shikamoo Mwalimu. Babu mzaa baba alikuwa mhunzi huko Ugweno, wilaya ya Mwanga, na sisi ni wa ukoo wa Washana. Kwa makadirio alizaliwa mwaka 1935. Sasa amefariki, na baba mdogo anataka kubomoa kibanda alichokuwa akifulia chuma, auze vyuma vyote kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ajenge nyumba ya tofali. Bibi bado yupo, ana zaidi ya miaka 80. Nataka kuandika historia ya babu na ya mji wake lakini nimechanganyikiwa. Shangazi anasema ukoo wetu ndio uliotawala Ugweno zamani. Rafiki zangu wa Arusha wanasema wahunzi walikuwa watu wa kudharauliwa, wenye laana, hata kuoa kwao ilikuwa mwiko. Nina majina saba ya mababu juu ya babu. Nimepiga miaka 30 kwa kila mmoja nikapata kwamba wa kwanza alizaliwa 1725. Chini ya migomba kuna vipande vingi vizito vyeusi, wengine wanaviita mavi ya chuma. Je, hiyo ni kazi ya babu? Binamu yangu aliye nje anasema tupime DNA. Naomba mwongozo."*

Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa msiba.

Nimesoma barua yako mara mbili, na naona umeuliza maswali mengi kwa pamoja: la tarehe, la heshima ya ukoo, la vipande vya migombani, na lile linalokukosesha usingizi, yaani kibanda. Nitayajibu yote. Ila utaratibu wa kazi nitaubadilisha. Wewe umeanza na yule babu wa saba. Mimi nakuomba uanze na bibi na kile kibanda, kwa sababu babu wa saba hatakwenda popote, lakini bibi ana miaka zaidi ya 80 na baba mdogo ameshapanga kujenga.

Kwanza hilo la dharau, maana naona limekuuma. Rafiki zako hawakusema uongo, ila wamekupa habari za watu wengine. Kwa Wamaasai wahunzi ni kundi la peke yake, Ilkunono, na ni kweli wengine walikwepa kuoana nao na hata kushika chuma kilichotoka mikononi mwao bila kukitakasa. Aliyekulia Arusha huenda akadhani ndivyo ilivyokuwa kila mahali. Sivyo. Kule Karagwe mtawala alihifadhi nyundo za chuma na ng'ombe wadogo wa chuma kwenye hazina yake ya Bweranyange, na vilikuwa alama za enzi. Na kwenu Ugweno masimulizi yanasema kama asemavyo shangazi yako: Washana walikuwa wahunzi na ndio walioshika uongozi, mpaka ukoo mwingine, Wasuya, wakiongozwa na Angovi, ulipowaondoa, na mwanawe Mranga akaupanga upya utawala. Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye mwenyewe alitoka Upare, aliyakusanya masimulizi hayo kwa wazee miaka ya 1960. Kwa hiyo shangazi hajatunga.

Lakini shangazi naye usimbebe jumla. Kusema ukoo ulitawala si kusema babu yako wa saba alikuwa mtawala. Ukoo ni mkubwa, una matawi, na hata wakati chuma kinatamba si kila mwanaume wa ukoo aliyejua kufua. Wengine walilima tu. Wengine waliingizwa ukooni kwa kulelewa, kwa kukaribishwa au kwa kuja kujifunza kazi. Andika "ukoo wetu unakumbuka kwamba ulitawala", kisha andika nani kasema na yeye alisikia kwa nani. Hapo utakuwa umeandika kweli, na hakuna atakayeweza kukupinga.

Habari ya laana ni nyingine. Kuogopwa na kudharauliwa ni mambo mawili. Mhunzi aliogopwa karibu kila pahali, kwa Wachagga na kwa Wapare pia, kwa sababu anashika moto, anatoa silaha inayoua na jembe linalolisha, na kiapo kilichoapwa kwa vyombo vyake kiliaminika kumrudia mwongo. Kuna familia zilizosita kuozesha kwa wahunzi kwa woga huo, wala si kwa sababu ya unyonge wa wahunzi. Muulize bibi yeye mwenyewe aliposwa vipi na wazazi wake walisema nini. Jibu lake ni moja tu, la nyumba moja, lakini lina uzito kuliko maneno ya jumla ya watu wa mjini.

Tuje kwenye hesabu yako ya 1725. Umepiga 7 mara 30 ukapata 210, ukatoa kwenye 1935. Hesabu ni sahihi, tatizo ni ile 30. Ukipiga kizazi kwa miaka 25 unafika 1760. Ukipiga kwa 40 unafika 1655. Na 40 si jambo la ajabu kwa mwanaume aliyeoa wake watatu, akapata mtoto wa mwisho na mvi kichwani, na huyo wa mwisho ndiye mliyetoka kwake. Tofauti imeshapita miaka 100 kabla hatujagusa majina yenyewe.

Na majina nayo yana mambo. Kwenu mtoto hupewa jina la babu yake, kwa hiyo jina lilelile hurudi kila baada ya kizazi kimoja. Wazee wanapolitaja mara mbili ni rahisi msikilizaji akadhani wamejirudia, akaandika mtu mmoja. Vilevile asiyeacha mji, shamba au ugomvi wa kukumbukwa husahaulika, na jina la baba yake linashikamana na la mwanawe kana kwamba hakuwapo. Ndiyo maana orodha nyingi za ukoo ni imara kwa vizazi vitatu vinne vya karibu, dhaifu katikati, halafu zinapata nguvu tena kwa yule mwanzilishi ambaye kila mtu anamtaja. Hata zile tarehe za kupinduliwa kwa Washana unazozikuta vitabuni, wanaposema karne ya 16, zimetokana na kuhesabu vizazi. Zichukue kama makadirio. Nakushauri orodha uiandike yote saba, lakini miaka uiweke kwa wale unaoweza kuwafunga na tukio.

Kufunga na tukio maana yake ni hii. Ukimuuliza bibi "mlioana mwaka gani?" atakukisia mwaka ili akuridhishe. Muulize: mlioana kabla ya Uhuru au baada? Kabla ya Azimio la Arusha? Bwawa la Nyumba ya Mungu lilikuwa limeshajazwa? Kwa habari za wakwe zake, rudi nyuma: baba mkwe alisimulia nini juu ya mbiru, ile kodi iliyowafanya Wapare kwa maelfu waende kukaa Same kuipinga mwaka 1945? Alikuwa na mke wakati huo? Alishawahi kutaja rupia, ambazo zilitoka ikaja shilingi mwanzoni mwa miaka ya 1920? Aliona reli ikijengwa, ile ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911? Na nyuma zaidi kuna ile miaka mibaya ya 1890, sotoka ya ng'ombe, nzige na njaa. Mtu aliyesimuliwa kuwa "alinyonya wakati wa njaa ile" umempata ndani ya miaka michache, bila cheti chochote.

Usimkalishe bibi kwenye kiti ukamwekea simu mdomoni. Tembea naye. Mshike mkono mzunguke mji mzima, akuonyeshe nyumba ya kwanza ilikuwa wapi, mke mkubwa wa baba mkwe alilala upande gani, mbuzi walifungwa wapi, mkaa ulichomwa wapi na nani aliubeba. Mguu ukifika mahali, habari zinatoka zenyewe. Muulize hasa kazi za wanawake, kwa sababu kila mtu atakusimulia nyundo na hakuna atakayekusimulia nani alibeba maji, nani alipika chakula cha wateja waliokuja kutoka mbali wakalala, nani alikwenda sokoni na visu. Muulize mteja alilipa nini kwa jembe moja. Muulize pia wakati gani yeye alikatazwa kukaribia moto. Rekodi kwa ruhusa yake, na siku hiyohiyo nakili sauti pahali pengine, maana simu hupotea.

Na makaburi muulize kwa adabu. Upare ya zamani wakubwa wa ukoo walifukuliwa baada ya muda na mafuvu yao yakahifadhiwa mahali patakatifu pa ukoo, mara nyingi kwenye mpungi, ule msitu usiokatwa. Kwa hiyo usipoona kaburi la babu wa nne pale nyumbani, usihitimishe kwamba familia ilihamia juzi. Tazama masale yalipopandwa, yanaweza kuwa mpaka wa shamba au alama ya kaburi, na wazee watakuambia lipi ni lipi. Mpungini usiende peke yako wala usipige picha kabla hujaruhusiwa.

Sasa kibanda, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo palipo na habari ambazo hakuna mtu aliyebaki wa kukusimulia.

Kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Kuyeyusha ni kutoa chuma kwenye mchanga. Kufua ni kukipa chuma umbo. Ugweno walifanya zote mbili. Mchanga mweusi mzito uliletwa na mito ya milimani, ukaoshwa, ukatiwa tanuruni pamoja na mkaa huku mivukuto ya ngozi ikipuliza. Mkaa ukiungua kwa hewa hiyo unatoa gesi inayoivua madini ya chuma oksijeni yake, na uchafu wa mawe unayeyuka na kuchuruzika chini. Chuma chenyewe hakiyeyuki kikawa maji, kinabaki donge lenye vitundu, ambalo hupigwa likiwa jekundu mpaka uchafu uliobaki utoke. Donge hilo liliuzwa. Wachagga wa Kilimanjaro walikuwa na wahunzi hodari, lakini chuma chao kilitoka Upare, kikapanda mlima kubadilishwa na mifugo.

Chuma cha viwandani kilipoanza kuja kwa wingi wakati wa ukoloni, kuyeyusha kukafa. Nani angeosha mchanga wiki nzima wakati chuma chakavu kipo sokoni? Kufua kuliendelea. Babu yako, wa mwaka 1935, kwa vyovyote alikuwa mfuaji wa springi za magari na vipande vya nondo. Kwa hiyo yale mavi ya chuma ya migombani, ikiwa ni mazito, yana sura ya kitu kilichotiririka kikaganda, na mengine yanang'aa kama kioo yanapovunjika, yanaelekea kuwa mabaki ya kuyeyusha, tena ya watu waliomtangulia. Nasema yanaelekea, kwa sababu hata kufua kunaacha bonge la takataka chini ya moto, mara nyingi la umbo la bakuli. Kwa macho tu mtaalamu mwenyewe husita.

Kibandani kuna kitu unachoweza kufanya mwenyewe bila kuharibu chochote. Tafuta sumaku, hata ya spika mbovu ya redio. Itie ndani ya mfuko wa plastiki, kisha ipitishe taratibu juu ya vumbi la sakafu, hatua kwa hatua. Mahali fulani mfuko utajaa vipande vyembamba vyeusi kama magamba ya dagaa, na pengine vitone vidogo vya mviringo. Hayo ni magamba yanayoruka chuma chekundu kinapopigwa nyundo. Yanaporundikana ndipo fuawe, lile chuma la kupigia, lilipokaa. Ukiyakuta mahali ambapo leo hakuna fuawe, basi kibanda kilipangwa upya, na hapo una swali zuri la kumuuliza bibi: nani alihamisha, na kwa nini? Chora ramani ya kibanda kabla ya kusogeza kitu: mlango uko wapi, moto, mivukuto, jiwe la kunolea, mahali pa kuketi wateja. Pima kwa futi, na piga picha kila chombo ukiweka rula pembeni.

Fuawe lenyewe litazame sana. Wahunzi wengi wa ukanda wa reli walitumia kipande cha reli. Ikiwa la babu ni reli, lisugue ubavuni kwa brashi ya waya pole pole, paka chaki, kisha mulika tochi kutoka upande mmoja. Viwanda vilikuwa na desturi ya kuacha herufi na mwaka zimeinuka ubavuni mwa reli. Mwaka ukisomeka, umepata tarehe ambayo mji huo haujawahi kuwa nayo: fuawe haliwezi kuwa la zamani kuliko hapo. Halikuambii lilifika lini kwenu, linaweka mpaka wa chini tu. Hali kadhalika majembe. Yenye chapa ya UFI, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, ni ya miaka ya 1970 na kuendelea. Yasiyo na chapa, yenye alama za nyundo zisizolingana, huenda ni mkono wa babu au wa baba yake. Hayo yasipimwe kwenye mizani ya chuma chakavu.

Nyaraka nimeziacha huku nyuma makusudi. Watu wengi huanzia kwenye Idara ya Nyaraka za Taifa, Upanga, wakirudi wamekata tamaa. Huko utakuta mafaili ya Wajerumani na ya Waingereza pamoja na vitabu vya wilaya, na vinafaa kwa habari za wafumwa, yaani machifu wa Kipare, kodi, masoko na barua za mabwana shauri. Jina la mhunzi wa kijijini ni nadra kulikuta. Nenda baada ya kumaliza na bibi, ukiwa na maswali mahsusi, na uliza habari za kibali kabla hujapanda basi. Daftari za kanisa zina nafasi kubwa zaidi. Walutheri wa Leipzig walifika Shigatini, Usangi, mwaka 1900, kwa hiyo kama babu au baba yake alibatizwa, waulize usharikani. Angalia mambo mawili: huenda aliandikwa kwa jina la ubatizo ambalo nyumbani hakuna anayelijua, na kama alibatizwa mtu mzima, mwaka wa kuzaliwa uliandikwa kwa kukisia. Kama upande huo wa ukoo ni Waislamu, usihangaike na daftari, tafuta yale makopo na masanduku chini ya kitanda yenye stakabadhi za kodi, kadi za chama na picha.

DNA si mbaya, ila haitajibu maswali yako. Itawaonyesha ndugu mliopoteana na kukisia mnatoka sehemu gani ya Afrika, jambo mnalolijua tayari. Haijui ukoo, haijui uhunzi, wala haimtambui mtoto aliyelelewa ukooni kuwa ni wa ukoo, ilhali kwa mila ni wenu kabisa. Na hufichua siri za nani ni baba wa nani, ambazo walio hai wanaweza kuumia nazo. Tena Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009, sampuli hazitumwi nje kiholela. Hela hiyo ningeiweka kwenye nauli na kinasa sauti.

Sasa baba mdogo. Usimwendee kama adui wa historia. Naye ana haki ya kutaka nyumba nzuri, na pengine kibanda hicho kinamkumbusha utoto wa moshi na kazi ngumu usioufahamu. Mwombe mambo mawili yanayowezekana: muda wa kupima na kupiga picha kabla ya kugusa chochote, na vyombo vikuu, yaani fuawe, nyundo, koleo na mivukuto, vibaki kwa familia. Ikiwezekana nyumba isogezwe hatua chache, vizuri zaidi. Ikishindikana, kibanda kilichopimwa, kikachorwa na kusimuliwa bado kitasomeka na wajukuu. Waulize pia wazee kama fuawe la Mshana huondolewa kwa utaratibu gani. Uwe unaamini au huamini, ndugu waliotulizwa watakusimulia mengi kuliko ndugu wenye hofu.

Pale ambapo barua yangu haitoshi ni hapa. Kama mirathi haijafunguliwa, hakuna mrithi mmoja anayepaswa kuuza au kubomoa kwa uamuzi wake. Familia ikae, imchague msimamizi na aende Mahakama ya Mwanzo. Mkishindwa kuelewana, mwoneni msaidizi wa kisheria wa wilaya mapema, kabla tofali hazijashushwa. Hakikisheni hasa kwamba haki ya bibi kwenye mji huo imelindwa, hilo lina haraka kuliko kitabu.

Na yale mavi ya chuma, usiyachimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kabla ya 1863, na uchimbaji unahitaji leseni. Zaidi ya sheria, kipande kikishatolewa ardhini bila kuandikwa kilikaa kina gani na karibu na nini, hakisemi tena umri wake. Mkaa ulionaswa ndani au kando yake unaweza kupimwa umri maabara, lakini achukue mtu anayejua. Piga picha, weka alama kwenye ramani yako, kisha andika barua kwa idara ya akiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au kwa Idara ya Mambo ya Kale. Milima yenu imeshafanyiwa utafiti wa chuma cha kale, hawatashangaa kusikia Ugweno. Kama msingi wa nyumba mpya unapita juu ya lundo hilo, waeleze hivyo kwenye mstari wa kwanza wa barua, na baba mdogo umwombe asianze kuchimba upande huo kabla hawajajibu.